Kuchezwa ni Kufundishwa

Mdundiko ukitoka Mnyamani kuelekea Rozana, watoto wa Buguruni huacha chakula wakaufuata. Ngoma hii ya Wazaramo haikai uwanjani. Hutembea, huvuka barabara, husimamisha daladala. Mwali akitolewa, hubebwa mabegani, kapambwa, na wanawake wanamtunza huku wanacheza. Mgeni huona vurugu za mtaani. Mwenyeji anajua kwamba ndani ya msafara ule yumo mwanamke mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ndiyo inayoonekana siku hiyo: kungwi. Ndiye aliyemfunza mwali kukaa, kujibu, kujitunza, na kucheza. Kiswahili cha pwani husema mwali “anachezwa”. Kuchezwa ni kufundishwa.

Nililiwaza neno hilo nilipokuwa nikisoma maisha ya Marius Petipa, Mfaransa aliyezaliwa Marseille mwaka 1818, mtoto wa mchezaji na mwalimu wa bale. Alifunzwa na baba yake. Mwaka 1847 alihamia St Petersburg akiwa mchezaji, akapanda hadi kuwa mkuu wa bale ya kifalme mwaka 1871. Mwaka 1890 akatunga bale ya binti mfalme aliyelala miaka 100, kwa muziki wa Tchaikovsky. Alifariki mwaka 1910 akiwa na miaka 92. Alicheza, akatunga, akafundisha. Kungwi, na manju anayeongoza ngoma, wa huku kwetu wamepita njia hiyohiyo, kwa mpangilio uleule: hakuna anayeruhusiwa kufunza kabla hajachezwa mwenyewe.

Tofauti iko kwenye karatasi. Mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha dansi huko Paris mwaka 1661, na tangu hapo hatua za bale zina majina ya Kifaransa yanayotumika dunia nzima. Bale nyingi za St Petersburg ziliandikwa kwa alama zilizobuniwa na Vladimir Stepanov. Baada ya mapinduzi ya Urusi, Nicholas Sergeyev aliyabeba makaratasi hayo akaenda nayo ng'ambo, na leo yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu aliyezaliwa juzi anaweza kujua mguu upi ulitangulia. Kungwi aliyekuwa akifunza Uzaramo mwaka huohuo wa 1890 hatuna hata jina lake.

Na mwaka ule pwani yetu haikuwa imelala. Ni katika miaka hiyo ya 1890 ambapo beni ilizaliwa Lamu na Mombasa, ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam. Vijana walichukua tarumbeta, kofia na kwata za wanajeshi wa kikoloni, wakazigeuza kuwa ngoma yao. Baada ya vita vya 1914–1918 vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilienea Tanganyika nzima, vikiwa na wafalme wao, majenerali wao na manesi wao, vikishindana kwa mavazi na mizunguko, na vikisaidiana kwa maradhi na maziko. Mwanahistoria Terence Ranger aliviandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wapo waliodhani beni ilikuwa kuiga Wazungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuwapanga mtu wa gati na mpishi wapige mguu pamoja, waingie kona ya mtaa kwa mpigo mmoja, ni utunzi, na kila chama kilikuwa na mtu aliyebeba kazi hiyo.

Baadaye zikaja klabu za dansi, na vijana wa mjini wakajifunza foxtrot na waltz wakiwa na suti. Ndizo alizozilenga Mwalimu Nyerere katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana: alisikitika kwamba wasomi wengi walijua rumba na chachacha lakini hawakuwahi kucheza ngoma za kwao kama gombe sugu wala kiduo.

Katikati ya miaka ya 1960 likaundwa Kundi la Taifa la Ngoma, na mfano wake ulitoka Guinea. Hapo ndipo bale ya Wafaransa ilipotugusa kwa mlango wa nyuma. Fodéba Keïta, mshairi wa Guinea aliyekuwa akisoma Paris, alikusanya Waafrika wenzake huko, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi lao likajulikana kwa jina la Les Ballets Africains. Alilichukua neno la mabwana akaliweka juu ya ngoma za kwao. Guinea ilipojitawala mwaka 1958 kundi likawa la taifa. Keïta mwenyewe aliuawa mwaka 1969 katika gereza la Camp Boiro, chini ya serikali aliyowahi kuitumikia.

Kwetu somo la Guinea lilibadili ngoma yenyewe. Sindimba ya Wamakonde, iliyokuwa ikichezwa katikati ya watu wanaoingia na kutoka, ilipangwa mistari, ikageuzwa kuwatazama waliokaa vitini, ikafupishwa kutoka usiku kucha hadi dakika chache. Lizombe ya Wangoni na bugobogobo ya Wasukuma zikapita njia hiyo. Mtoto wa Buguruni aliweza sasa kucheza ngoma ya Newala bila kufika Newala, na hilo ni jambo kubwa. Lakini programu ziliandika “sindimba, Wamakonde”. Aliyeipanga kwa ajili ya jukwaa hakutajwa. Kabila likawa mtunzi, na mtunzi akapotea ndani ya kabila.

Kundi la Taifa lilivunjwa miaka ya 1980 ilipokuwa ikikaribia, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa. Wasanii wa kundi wakageuka walimu, Hukwe Zawose miongoni mwao. Jumba la maonyesho la chuo liliteketea kwa moto mwaka 2002. Mafunzo hayakukoma, na mwaka 2007 chuo kikawa Taasisi, TaSUBa. Jijini, vikundi kama Muungano cha Norbert Chenga viliipeleka ngoma kwenye kumbi za bia, pamoja na sarakasi, maigizo na chatu.

Halafu wakaja wanenguaji wa bendi. Nasema wazi kwamba tuliwadharau isivyo haki. Aisha Madinda wa Twanga Pepeta, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa jina mpaka kwa watoto wa uswahilini, jambo ambalo Kundi la Taifa halikuwahi kuwapa wachezaji wake wengi. Shoo zile zilipangwa, zikarudiwa mazoezini hadi jasho, zikarithishwa kwa wasichana wapya.

Majirani wametuonyesha njia nyingine. Nairobi, mwaka 1997, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la dansi la Gàara. Linyekula akarudi Kongo, akaanzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani, mji aliosomea. Amecheza majukwaa makubwa ya Ufaransa, na kila kazi yake ina jina lake na mwaka wake. Dar es Salaam nayo ina Muda Africa ya Ian Mwaisunga, inayofundisha vijana dansi kama taaluma.

Ila mdundiko wa Buguruni bado hauna daftari, na simu zote zile zinazourekodi huishia kuonyesha viuno. Nakuomba wewe unayeishi Malapa, Mnyamani au Rozana: ngoma ikipita, baada ya kurekodi, msubiri kungwi apumzike. Mwamkie. Muulize nani alimcheza yeye, wapi, mwaka gani, na hatua ile ya kuzunguka ilitoka kwa nani. Kisha andika majina hayo kabla hujalala.