Rangi Pekee Haitoshi Kumtambua Buibui Mjane

Buibui mjane wa kahawia, ambaye jina lake la kisayansi ni Latrodectus geometricus, ni miongoni mwa buibui wenye sumu wanaopatikana barani Afrika. Alielezwa kitaalamu mwaka 1841 na Carl Ludwig Koch.

Rangi ya spishi hii hutofautiana. Baadhi ya majike huwa na rangi ya mchanga au kijivu, wengine kahawia iliyokolea, na wapo wanaokaribia weusi. Hivyo, kudhani kuwa mweusi peke yake ndiye wa kuogopwa ni kosa.

Alama za kutegemewa zaidi ni doa jekundu au la chungwa chini ya tumbo, mfano wa pembetatu mbili zilizokutana kwa ncha, na kifuko cha mayai chenye vichomozo kama miiba.

Kwa wakazi wa Makoko, Manispaa ya Musoma, hadhari inahitajika wanaposhika nyavu, mbao au viatu vilivyokaa muda mrefu bila kutumika. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha awahi kituo cha afya, hususan akiwa mtoto au maumivu yakienea mwilini.