Mifupa ya Mtwapa na Kengele ya Kisauni: Akiolojia na Riwaya ya Kihistoria

Akiolojia haimpatii mtunzi wa riwaya ya kihistoria mapambo ya mandhari tu. Kila moja ya taaluma hizi mbili ina pengo ambalo nyingine hulidhihirisha. Upande wa bara wa Mombasa, kutoka Likoni hadi Kisauni na ng'ambo ya mkono wa bahari wa Mtwapa, unatoa mifano ya kutosha.

Huko Mtongwe, Likoni, wataalamu wa Kijapani walichimbua zana za mawe katika miaka ya 1980. Zana hizo zinavutia, lakini ukale wao haumpi mtunzi mhusika. Mtwapa hali ni tofauti. Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, mji uliochunguzwa kwa miaka mingi na Chapurukha Kusimba. Ilibainika kwamba wengi wao walipata zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa kuukeni, ilhali asili ya Kiasia, iliyotoka zaidi Uajemi, ilipitia hasa kuumeni. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000.

Msomaji wa riwaya ya kihistoria hawezi kukosa kuvutwa na matokeo hayo. Masimulizi ya asili ya Kishirazi, ambayo wanahistoria wengi wa karne ya 20 waliyahesabu kuwa hekaya ya kujitukuza, yamepata ushahidi wa kiasi. Hata hivyo, lililo zito zaidi ni lile ambalo tarikh za miji hazikulisema. Tarikh hizo zilihifadhi nasaba za watawala wanaume. Mama zao walitajwa kwa nadra. Mifupa imewarejesha akina mama hao, lakini bila majina. Wala vinasaba haviwezi kueleza iwapo ndoa zao zilifungwa kwa mapenzi, kwa maslahi ya biashara au kwa nguvu. Hapo ndipo kazi ya riwaya inapoanza.

Kisauni inatoa mfano ulio kinyume. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875. James Mbotela, aliyekuwa mtoto wa mtumwa wa aina hiyo, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Humo sauti zipo, ila wahakiki wameulaumu msimamo wa mwandishi wa kuwatukuza Waingereza kama wakombozi. Mnara wa kengele ulioipa Kengeleni jina lake unaisahihisha simulizi hiyo. Kengele ilipigwa kuwaonya wakazi juu ya wateka watumwa. Maana yake ni kwamba uhuru wao, hata baada ya mkataba wa 1873, haukuwa zawadi iliyokwisha kutolewa, bali kitu walichokilinda wenyewe.

Basi mtunzi anayeitegemea mifupa peke yake ana hatari ya kuigeuza kuwa hukumu ya nani Mswahili na nani mgeni, swali ambalo pwani ya Kenya limefungamana na haki ya ardhi. Anayetegemea maandishi peke yake hurithi upendeleo wake. Riwaya inayostahili kuitwa ya kihistoria itampa jina mama wa Mtwapa, na itamweka mkazi wa Frere Town mwenyewe penye kamba ya kengele.