Habari za Kwinini na Mkojo Mweusi katika Dar es Salaam

Mwaka 1897 alishuka katika bandari ya Dar es Salaam tabibu mmoja wa Kidachi ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma duniani. Huyu ni Robert Koch, aliyegundua mwaka 1882 kijidudu kiletacho kifua kikuu. Alikuwa akitoka Bara Hindi, alikokwenda kuchungua tauni, naye akakaa katika mji wetu hadi mwaka 1898. Wakati ule ule Wadachi walifungua hospitali yao ya pwani, ile ya Ocean Road, nayo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Kariakoo haikuwako. Wapagazi wa jeshi la Kiingereza ambao kambi yao iliupa mtaa huo jina walikuja baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza.

Ugonjwa uliowatisha Wazungu wa siku zile kupita malaria yenyewe ni homa ya mkojo mweusi. Mtu alishikwa na baridi kali, macho yakawa ya manjano, mkojo ukageuka rangi ya kahawa. Figo zikifunga, hapakuwa na tumaini. Madaktari wengi walidhani kwamba hii ni malaria iliyozidi ukali, basi waliongeza kwinini. Koch alitazama damu ya wagonjwa kwa hadubini, na mara nyingi hakuviona vimelea vya malaria, bali aliona kwamba wagonjwa hao walikuwa wamemeza kwinini muda mfupi kabla ya mkojo kugeuka. Akakata shauri: ugonjwa huu si malaria, ni sumu ya dawa.

Shauri lake lilizusha mabishano makubwa, na kwa maoni yangu alipata nusu na kukosa nusu. Kwinini ile ile ilimezwa na maelfu ya watu wasidhurike. Ikiwa ni sumu, mbona imdhuru huyu imwache yule, nao wamekula meza moja na kulala chini ya dari moja? Swali hilo Koch hakuwa na chombo cha kulijibu. Lakini aliacha kanuni njema, kwamba daktari aitazame damu kwanza ndipo atoe dawa. Ugonjwa wenyewe ulipungua sana baada ya klorokwini kushika mahali pa kwinini katikati ya karne ya 20, na chanzo chake chote kingali kikibishaniwa.

(Katika safari hiyo hiyo Koch aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara waliiita homa ya nchi ya chini kwa jina la mbu, wakiamini kuwa mbu ndiye aletaye. Sisi tufundishao lugha twapaswa kulikumbuka neno hilo. Lilikuwa limekwisha kusemwa milimani kabla Ronald Ross hajaona vimelea ndani ya mbu huko India, mwaka 1897.)

Jibu la swali linalofanana na hilo lilipatikana mwaka 1956 huko Marekani, kwa dawa nyingine ya malaria iitwayo primakwini. Ilionekana kwamba baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja, kiitwacho kwa kifupi G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu. Bila upungufu huo dawa hupita salama. Ukiwapo, chembe hupasuka na mkojo ukawa mweusi. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha habari za upungufu huo katika damu ya watu wa Afrika Mashariki. Na mwaka uliofuata yeye na David Clyde, mtaalamu wa malaria wa Tanganyika, walieleza kwamba watoto wenye upungufu huo huwa na vimelea vichache vya malaria. Kilichomhifadhi mtoto na mbu ndicho kiwezacho kumponza akiwa mtu mzima mbele ya kidonge.

Mambo haya nisingeyafuata kwa bidii lau si mdogo wangu, auzaye vitenge Mtaa wa Kongo. Ana vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao watu wetu waliudhania kuwa wa Ulaya tu. Katika hospitali moja ya mjini alipewa salfasalazini, dawa njema ya zamani ambayo Nanna Svartz wa Sweden aliandika habari zake mwaka 1942. Siku ya tano alinipigia simu. "Kaka, nakojoa kahawa." Hakuna aliyekuwa ameipima damu yake. Alipopimwa baadaye, upungufu ulikuwapo. Nilikaa naye usiku ule nikimfikiria Koch na hadubini yake, miaka mia na ushei iliyopita, mwendo mfupi kutoka hapo.

Sasa madaktari wanazungumzia dawa za kibayolojia, zinazotengenezwa kwa chembe hai, kama infliksimabu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn. Bei yake inawashinda wengi, na si kila mtu imfaayo: kadiri ya mgonjwa mmoja kati ya watatu haoni nafuu, na wengine hupata nafuu kisha mwili ukaipinga dawa. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za alama moja ya nasaba iongezayo upinzani huo. Lakini walichungua damu za watu wa asili ya Ulaya. Damu ya Kariakoo haimo.

Kuna hatari moja inayoweza kutabiriwa hata hapa. Dawa hii huamsha kifua kikuu kilicholala. Mwaka 2001 walitangazwa wagonjwa 70 waliopatwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza hutangulia sindano ndogo ya tuberkulini katika mkono. Tuberkulini ni kazi ya Koch yule yule. Mwaka 1890 aliitangaza kuwa dawa ya kifua kikuu, ikashindwa vibaya, wengine wakazidi kuugua. Ikabaki kuwa kipimo.

Mdogo wangu alikunja mkono wa shati, akachomwa, akarudi dukani. Siku ya tatu muuguzi alipima uvimbe kwa rula: milimita 12. Ameanza kumeza vidonge vya kuzuia kifua kikuu. Ile dawa nyingine ingali ikingoja.