Mtunzi na Mwimbaji: Wimbo wa Kwanza wa Queen

Huko Kalinzi, katika milima ya kahawa iliyo kaskazini ya mji wa Kigoma, nilisikia ukipigwa wimbo "Keep Yourself Alive", na mwenyeji wangu akaniambia, "Mwalimu, huu ni wimbo wa yule kijana wetu wa Unguja." Kauli hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Farrokh Bulsara, ajulikanaye kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na jamaa zake wakahamia Uingereza mwaka 1964. Sauti ni yake. Lakini maneno aliyatunga Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, naye amepata kueleza kwamba aliyakusudia kuwa ya kejeli: je, kuendelea kupumua ndiyo maisha? Mercury aliyaimba kama nasaha njema, na wasikilizaji wakayapokea vivyo hivyo. Kwetu si jambo geni. Malenga hutunga, mwimbaji wa taarabu akaimba, na maana ikafuata koo.

Mwaka 1971 waliurekodi katika studio ya De Lane Lea, Wembley, pasipo malipo, kwa kuwa wenye studio walitaka kujaribu vyombo vyao vipya. Mwaka 1972 wakaurudia Trident, mtaa wa Soho, wakiingia saa ambazo wateja wenye kulipa hawapo, mara nyingi usiku. Sauti zilichanganywa mara kadhaa na kukataliwa, mpaka fundi Mike Stone alipowaridhisha. Santuri ndogo ilitoka tarehe 6 Julai 1973, isiingie katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Santuri kubwa, iliyofunguliwa na wimbo huu, ikafuata wiki moja baadaye. May hata hivyo huipendelea ile nakala ya Wembley. Sisi tusomao miswada ya tenzi twaijua taabu hiyo: nakala iliyosafishwa sana huenda imepoteza kitu.

Nilijaribu kumfasiria mwenyeji wangu jina la wimbo. "Jitunze uwe hai" ni nasaha, nayo ni ya Mercury. "Endelea tu kuishi" ni ya May, na kejeli yote imebebwa na kile kijineno "tu". Alizirudia zote mbili kwa sauti, kisha akachagua ya kwanza.