Daktari aliyepewa kazi ya kuwa mkimbizi

Waigizaji wa sinema wana tatizo lao moja. Mtu anacheza nafasi moja, inapendwa, halafu dunia inakataa kumuona kwa sura nyingine. Leonard Nimoy wa Marekani alianza kuonekana kama Spock, yule mwenye masikio ya ncha, mwaka 1966. Mwaka 1975 akatoa kitabu ambacho jina lake tu linasema yeye si Spock. Miaka 20 baadaye akatoa kingine, na hicho kinasema yeye ni Spock. Nadhani alichoka kubishana. Lakini Nimoy akimaliza kazi alivua masikio akarudi nyumbani. Mimi nataka kuongea juu ya watu ambao nafasi yao haivuliki, wakimbizi kama sisi.

Haing Ngor alikuwa daktari wa akina mama wajawazito mjini Phnom Penh, nchini Kambodia. Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge waliingia mji huo, wakawatoa watu wote na kuwapeleka mashambani. Waliosoma walikuwa wanauawa. Basi Ngor akaficha udaktari, akaficha hata kwamba anavaa miwani. Waliposhuku wakamtesa, na bado hakusema.

Mwaka 1978 mke wake, Chang My-Huoy, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Alihitaji kupasuliwa. Fundi wa kazi hiyo ndiye alikuwa ameketi pembeni yake, lakini hakuwa na vifaa, na kujitambulisha kungewaua wote. Mama akafa, mtoto naye akafa.

Mwaka 1979 Ngor alivuka kuingia Thailand, akatibu watu kambini, na mwaka 1980 akapelekwa Marekani. Huko udaktari wake haukutambuliwa. (Wauguzi na walimu wa namna hiyo tunao hapa kwetu, wanauza nyanya.) Akapata kazi Los Angeles ya kuwasaidia wakimbizi wenzake kutafuta ajira. Wakati huo kulikuwa na watu wanatafuta Mkambodia wa kucheza Dith Pran, mwandishi na mkalimani aliyefanya kazi na gazeti la New York Times kisha akanaswa chini ya Khmer Rouge. Ngor hakutaka mwanzoni. Alikubali alipokumbuka kwamba alimuahidi mke wake kusimulia dunia yaliyotokea kwao.

Filamu hiyo, The Killing Fields, ilitoka 1984, na Machi 1985 akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Kila mahali wanaandika kuwa hakuwahi kuigiza kabla. Mimi hapo nakataa. Huyu mtu alicheza asiyejua dawa kwa miaka karibu minne, na siku angekosea angezikwa.

Baada ya hapo je? Alipewa vita tena. Mwaka 1989 alikuwa mwanajeshi wa Vietnam, na mwaka 1993, kwenye Heaven & Earth, mzee wa kijiji cha Vietnam. Mwaka huo huo, kwenye My Life, alikuwa mganga wa Kichina. Yaani hospitali ilimkatalia kutibu, sinema ikamruhusu kwa kuigiza. Lakini yeye hakuikimbia ile nafasi ya kwanza. Aliitumia. Aliandika maisha yake mwaka 1987, akazunguka akiongea juu ya Kambodia. Tarehe 25 Februari 1996 alipigwa risasi karibu na nyumba yake Los Angeles, na vijana watatu wa genge wakahukumiwa mwaka 1998.

Kikundi chetu cha maigizo kinajua habari hii kwa njia yake. Binti mmoja aliandika igizo la mahari, vichekesho vitupu, mjomba anahesabu mbuzi wasiokuwepo. Mgeni mmoja aliyekuja kutazama mazoezi akasifu sana, halafu akauliza kama tunaweza kuongeza kidogo habari ya kukimbia vita. Binti alimjibu kwamba mbuzi ndio wamekimbia. Nilicheka, lakini swali lile tumeshalisikia mara nyingi mno.

Barkhad Abdi analijua pia. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1985, akakimbilia Yemen akiwa mtoto, akafika Minneapolis mwaka 1999. Alikuwa dereva. Watu zaidi ya 700 walijitokeza kwenye usaili wa Captain Phillips, yeye akapata nafasi ya kiongozi wa maharamia. Filamu ilitoka 2013, akapata tuzo ya BAFTA na kuteuliwa kwa Oscar. Tofauti na Ngor, hayo hayakuwa maisha yake hata kidogo. Ila jina na sura vilitosha, na lile neno lake kwa kapteni watu wamelifanya utani mpaka leo.

Amejitahidi kutoka hapo. Mwaka 2017 alikuwa mlinzi wa usiku kwenye Good Time. Ninayoipenda zaidi ni Eye in the Sky ya 2015, ambapo ni mpelelezi wa Kenya, mjini Nairobi. Bomu linakaribia kuangushwa, na msichana mdogo ameketi pale pale anauza mikate. Abdi anajaribu kununua mikate yote ili mtoto aende nyumbani.

Niliwaonyesha vijana wetu kipande hicho. Mtu wa kwanza kuongea aliuliza: "Huyu si yule haramia?"