Mchoro Kabla ya Programu: Vielelezo vya Data kutoka Bachman hadi Merise

Mjenzi wa nyumba huchora ramani kabla ya kuchimba msingi. Watunzi wa programu za biashara walichelewa kuipata desturi hiyo. Katika miaka ya 1950, kompyuta zilipoanza kuingia katika ofisi za makampuni, mishahara na ankara zilihesabiwa kwa programu zilizotungwa moja moja, kila moja ikiwa na faili zake. Mteja mmoja aliweza kuandikwa mara tatu mahali patatu. Anwani yake ikisahihishwa pamoja, pengine pote ilibaki ya zamani.

Dawa ya kwanza ilitoka kwa Charles Bachman wa kampuni ya General Electric, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitunga mfumo uitwao IDS, ambamo rekodi ziliwekwa pamoja na kuunganishwa kwa minyororo. Mwaka 1969 alichapisha namna ya kuichora minyororo hiyo: visanduku kwa aina za rekodi, mishale kwa viungo vyake. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Turing mwaka 1973. Hata hivyo, mchoro wake ulikuwa bado umefungwa na mashine. Aliyetafuta habari ilimbidi aujue mnyororo na kuufuata hatua kwa hatua, na mpango wa rekodi ulipobadilishwa, programu zilizoutegemea ziliharibika.

Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, alikataa utumwa huo. Katika makala yake ya Juni 1970 alipendekeza data zote zionyeshwe kama majedwali, na uhusiano baina yake utambulikane kwa thamani zilizoandikwa humo, si kwa minyororo iliyofichika. Mwaka 1974 pande hizo mbili zilikutana hadharani huko Ann Arbor, Michigan. Wafuasi wa Bachman walishuku kwamba majedwali yangeweza kufanya kazi kwa kasi ya kutosha. Codd naye aliona minyororo kuwa mzigo usio wa lazima kwa mtumiaji. IBM yenyewe, iliyokuwa ikiuza mfumo wa aina nyingine uitwao IMS, haikuwa na haraka. Kampuni ambayo baadaye iliitwa Oracle iliuza mfumo wa majedwali mwaka 1979. IBM ilifuata mwaka 1981.

Lakini jedwali halimwambii mwenye duka jinsi duka lake lilivyo. Pengo hilo lilizibwa na Peter Chen mwaka 1976, alipopendekeza kuchora kwanza vitu vyenyewe vya shughuli na mahusiano yake, majedwali yafuate baadaye.

Nchini Ufaransa wazo hilo lilikuzwa likawa mbinu kamili. Merise ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msukumo wa Wizara ya Viwanda, na kitabu cha Hubert Tardieu, Arnold Rochfeld na René Colletti kilitoka mwaka 1983. Ngazi ya dhana haitaji mashine kabisa. Huuliza tu: je, mwanafunzi aweza kuandikishwa bila kuchagua somo? Somo moja laweza kuwa na wahadhiri wangapi? Jibu huandikwa kwenye mstari wa uhusiano, idadi ya chini na idadi ya juu, nalo hutolewa na mkuu wa ofisi, si na fundi. Hapa ndipo penye thamani ya mchoro: kosa linalogunduliwa juu ya karatasi hurekebishwa kwa kifutio. Ngazi zinazofuata ndizo hushughulikia majedwali, mgawanyo wa kazi na, mwisho kabisa, diski.

Kwa njia ya vitabu vya Kifaransa, Merise iliingia katika vyuo vikuu vya Kongo na kukita mizizi katika kazi za kumaliza masomo ya informatiki ya usimamizi. Huko imekabiliwa na hatari ya kugeuka ibada: mchoro unaochorwa baada ya programu kwisha, ili sura ya pili ya kazi isikose kurasa. Mchoro wa namna hiyo haukumuuliza mtu yeyote swali.

Udhaifu wa mbinu yenyewe ulikuwa kwingine. Ilitenga data na matendo, ilhali lugha mpya za programu zilikuwa zikiviunganisha katika kitu kimoja. Ndipo lugha ya michoro ya UML, iliyotokana na kazi za Booch, Rumbaugh na Jacobson, ilipoidhinishwa kimataifa mwaka 1997. Visanduku na mistari vilibaki; majedwali ya Codd nayo yalibaki chini yake.