Kunguru naye huweka akiba

Nimeishi Nakuru miaka kadhaa sasa, na kila nikirudi Mombasa ndugu zangu huniuliza kama huku bara nako kuna kurabu. Huwajibu kwamba kunguru wapo, lakini si wale. Wa Nakuru ana kifua cheupe na ukosi mweupe. Ni mwenyeji wa Afrika, na pwani alikuwa wa kawaida kabla kurabu hajamsukuma nje. Kule Hell's Gate, karibu na Naivasha, yuko mwingine mkubwa zaidi, mwenye mdomo mnene na baka jeupe kisogoni.

Siku moja nyuma ya nyumba nilimwona mmoja ameokota kipande cha nyama. Hakukila. Alikisukumiza chini ya majani makavu, akaongeza jani juu yake, akatazama huku na huku. Mwenzake alipotua ukutani, alikifukua akaenda kukificha kwingine.

Tabia hii imechunguzwa. Mwaka 1998 Nicola Clayton na Anthony Dickinson walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya ndege mmoja wa Marekani wa jamii ya kunguru. Walimpa viwavi, anaowapenda sana, na njugu, akavificha. Baada ya saa chache alirudi kwenye viwavi. Zilipopita siku tano, waliokwisha kujifunza kwamba viwavi huoza waliviacha wakaenda kwenye njugu. Maana yake, ndege huyu hukumbuka ameficha nini, wapi, na tangu lini. Sisi husema akiba haiozi. Yeye anajua ipi huoza.

Kurabu ni wa ukoo huo huo. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka, na kufikia 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Leo anakula mayai na makinda ya ndege wengine na vifaranga vyetu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kupunguza kurabu milioni moja kwa sumu.

Sipingi mpango huo. Ila adui mwenye kumbukumbu namna hii, anayejifunza haraka kuepuka mtego, hamalizwi kwa sumu peke yake. Jaa lililo wazi, matumbo ya samaki sokoni na makombo nje ya hoteli ndiyo ghala lake, na wanaolijaza ni sisi. Tufunike taka kwanza.